Waya Chini ya Kiti

Uwanja ulikuwa umekatwa vibaya, na hilo halikuhitaji miwani. Upande wa kushoto wa kila mstari nyasi zilikwanguliwa mpaka udongo ukachungulia; upande wa kulia zilisimama wima. Unyoya, mkata nyasi wa uwanja huo, alimpigia simu mdogo wake, fundi wa matrekta, aje upesi kabla meneja hajafika na mdomo wake.

Wenzake walimwita Unyoya kwa wepesi wake, na wepesi huo ndio uliomponza. Trekta lake dogo la kukatia nyasi lilikuwa na swichi kitini: dereva akiinuka, visu vinasimama, injini inaendelea kuunguruma. Sasa mtu mwepesi akirushwa na kila kituta, kiti kinadhani ameshuka. Visu vinasimama, vinaanza, vinasimama tena, na uwanja unabaki na vishungi kama kichwa kilichonyolewa na kinyozi mlevi. Mwezi uliopita uvumilivu ulimwishia. Aliingiza kipande cha waya chini ya kiti akaiunganisha swichi moja kwa moja, kama alivyomwona mdogo wake akifanya karakanani wakati wa kupima mashine. Tangu siku hiyo kiti kiliamini kimekaliwa hata kikiwa kitupu. Nyasi zikatoka sawasawa, meneja akasifu, naye Unyoya hakumwambia mtu habari ya waya.

Fundi alifika, akamkuta kitini, injini na visu vikiunguruma, akatazama uwanja, akaangua kicheko.

"Dada, umelifunga sinia kwa pupa tena, eh?"

Sinia ni lile bamba pana la chuma linalobeba visu tumboni mwa trekta. Unalilaza chini, unapitisha trekta juu yake polepole, kulabu nne zinanasa zenyewe, shafti inayozungusha visu inaingia mahali pake, basi. Zikinasa tatu, kona moja inalegea na kukwangua ardhi.

"Ya nyuma kushoto haijashika," alisema fundi, akivaa vizuia kelele masikioni. "Usizime injini, nahitaji nguvu ya kuliinua. Wewe shuka tu, shika leva ya kuinulia sinia ukiwa hapo chini. Nikikuonyesha kidole, pandisha."

Shuka tu. Ndivyo fundi alivyofanya kazi miaka yote: kiti kitupu, visu vimelala, mkono unaingia. Unyoya alishuka, akili yake yote iko kwa meneja. Fundi akalala ubavu, akapenyeza mkono wenye glavu chini ya sinia.

Ndipo Unyoya alipokumbuka waya.

"Toa mkono! Toa!"

Fundi hakumsikia. Aliinua kidole gumba cha mkono wa pili, akitabasamu: pandisha.

Unyoya aliurukia ufunguo akauzungusha. Injini ikanyamaza, na katika kimya kile ukabaki mlio mwembamba, mkali, kwa sababu visu vizito havisimami papo hapo hata ukivikatia nguvu. Fundi naye aliusikia sasa. Macho yalimtoka pima. Kitu kikachanika.

Alipouvuta mkono, glavu haikuwa na ncha katika vidole viwili. Alikaa kwenye nyasi amejishika kiwiko, anahema.

"Vilikuwa vinazunguka," alisema. "Umeshuka, nimekuona. Kiti kitupu. Vilikuwa vinazunguka vipi?"

Unyoya angeweza kusema swichi imekufa. Angeaminiwa bila swali, trekta lenyewe lilikuwa kuukuu.

"Nilifunga waya. Mimi. Ili visu visisimame kila mara."

Alijiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Mdogo wake alifumba macho, akaivua glavu kwa meno, taratibu, kisha akamnyooshea dada yake mkono.

"Nihesabie. Mimi siwezi kuangalia."

Unyoya alipiga magoti akaanza na gumba. Alifika tano. Akasikia sauti yake imesema tano na hakuiamini, akarudia tena kutoka mwanzo, safari hii akikibana kila kidole nchani mpaka mdogo wake aliposema kinauma.