Blanketi la Mstari Mzima

Mimi Velika sina subira na mwanamume anayevaa koti ndani ya nyumba halafu ananiambia hakuna baridi. Zahari, mwenye karakana yetu, alituambia hivyo hivyo tarehe mosi Machi, theluji ingali imelala juu ya mapaa, na yeye kajizungushia skafu hadi masikioni. Alipita cherehani hadi cherehani akitufunga kila mmoja martenitsa mkononi, ule uzi mwekundu na mweupe uliosokotwa wa kumkaribisha Bibi Marta, kikongwe mwenye mwezi wa Machi, anachekacheka kama bwana harusi.

"Bibi Marta kaja, mama zangu! Afya tele! Baridi imekwisha, kwa hiyo mabomba ya joto tunazima."

"Bibi Marta ni kigeugeu," Rumyana akamjibu. "Asubuhi anacheka, mchana anamwaga theluji. Hata mtoto wa chekechea anajua."

"Kalenda haina ukigeugeu," akasema, na akaenda kuzima.

Rumyana hukaa kushoto kwangu, anashona zipu. Mimi nashona mifuko. Kulia kwangu ni Shangazi Stoyna, anayeshona kola tangu enzi za kiwanda cha serikali. Si shangazi wa damu wa yeyote pale, lakini ndivyo sote tunavyomwita. Figo zake ni mbovu, na daktari alishamwambia kiuno kisipigwe baridi hata siku moja. Kiangazi hicho ndipo angestaafu. Akifukuzwa kabla, pensheni ingepungua ikabaki ya mkate na chumvi, na nani angemwajiri mwanamke wa umri ule? Kwa hiyo alikaa, meno yanagongana, anashona.

Nilimwona mwenyewe siku ya pili akienda chooni ameinama, mkono kiunoni. Aliporudi uso umekuwa mweupe kama chokaa. Nilipandwa na hasira nikavunja sindano.

Sasa, sisi tunashona majaketi ya flisi, kile kitambaa laini chenye manyoya mafupi kinachohifadhi joto. Kwa mkataji kuna magunia ya mabaki, vipande vya makwapa na vya shingo, rangi zote, vyote vya kutupwa. Uzuri wa flisi ni kwamba haifumuki nyuzi. Hupindi ukingo, huhangaiki, unaunganisha tu. Wakati wa chakula nikaleta gunia moja, nikasema, "Jamani, tumshonee Shangazi kitu cha kufunika mapaja."

Ila msitucheke. Miaka yote hii kila mmoja wetu anajua kazi yake moja tu. Blanketi lilipita mkono kwa mkono kwenye mstari, na kila mtu akalitia alichozoea. Mimi nikatia mfuko kabla sijafikiri. Rumyana akatia zipu isiyofungua kitu chochote. Shangazi mwenyewe, alipoletewa amalizie, akalishonea kola.

"Blanketi lenye kola!" Rumyana alicheka hadi akakohoa. "Bado tai tu, liende kanisani."

Lakini lilikuwa na joto, wallahi. Shangazi alitia mikono mfukoni, akafumba macho. Kabla ya wiki kwisha kila mwanamke mstarini alikuwa na lake mapajani, na safari za Shangazi za chooni zikarudi za mtu mwenye afya, si za kukimbia kila dakika.

Ijumaa Zahari akashuka kutoka ofisini. Akatutazama mstari mzima.

"Hii nini? Wodi ya wagonjwa? Jumatatu wateja wanakuja, wakute vikongwe wamejifunika?"

"Washa joto tujifunue," nikamwambia.

"Hayo mabaki ni mali yangu, Velika. Jumatatu nikimkuta mtu na blanketi, aende nalo nyumbani na asirudi." Akamgeukia Shangazi. "Na nitaanza na wewe, Shangazi. Usinilaumu."

Ebo! Zahari huyo huyo, alipokuwa mchanga, alilala kwenye kapu chini ya cherehani ya Shangazi Stoyna, mama yake akiwa anashona mikono ya mashati pembeni. Shangazi ndiye aliyekuwa akilitikisa lile kapu kwa mguu mmoja, mguu mwingine uko kwenye pedali. Kweli mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Alipopanda ngazi, Shangazi akalikunja blanketi lake. "Niliache tu, wanangu. Nitavumilia. Kiangazi si mbali."

"Thubutu!" nikasema. "Kiangazi utakiona ukiwa kaburini?"

"Atanifukuza, Velika. Atamchagua mmoja, na ni mimi."

Hapo ndipo akili ikanijia. Atamchagua mmoja. Sawa, asimpate huyo mmoja.

Jumatatu tulifika kabla ya kengele. Nikatia uzi mwekundu juu na uzi mweupe chini, kwenye bobini, maana cherehani kazi yake ni kuzisokota nyuzi mbili zishikane ndani ya kitambaa. Nikaunganisha blanketi la Rumyana na langu, langu na la Shangazi, la Shangazi na la jirani yake, hadi mwisho wa mstari. Tukakaa bega kwa bega, blanketi moja refu mapajani mwetu, kola moja, zipu za bure na mifuko isiyohesabika.

"Na nikibanwa na mkojo?" Rumyana akauliza.

"Pita chini, kama paka."

Zahari alishuka, akaenda moja kwa moja kwa Shangazi, akashika ncha akavuta. Mstari mzima ukasogea naye. Wanawake wote tukalishika.

"Vuta basi," nikamwambia. "Ukimtoa mmoja umetutoa wote. Wateja wako utawashonea wewe."

Akawa mwekundu hadi shingoni. Akanyakua mkasi mezani kwangu, akainamia mahali blanketi la Shangazi liliposhikana na langu. Ndipo akauona mshono, mwekundu na mweupe kama martenitsa mkononi mwake.

Zahari ni mtu wa kumheshimu Bibi Marta. Mwaka uliotangulia uzi wake ulikaribia kumwozea mkononi kwa sababu hakuona korongo hadi Mei. Mama yake alimfundisha kama tulivyofundishwa sote: uzi wa Marta haukatwi kabla aliyefungwa hajamwona korongo wa kwanza wa mwaka. Ukikata, umekata bahati na afya ya mwaka, yako na ya yule aliyefungwa.

"Mmefanya makusudi," akasema kwa sauti ndogo.

"Makusudi kabisa," nikajibu. Liwalo na liwe.

Shangazi Stoyna akainua uso. "Kata, Zahari mwanangu. Bahati ni yako, afya ni yangu. Kata."

Mkasi ulikaa hewani kitambo. Kisha akauweka mezani, polepole, akapanda ofisini. Wateja walipofika akawaambia ni mila yetu ya Machi. Mwongo mkubwa! Wakatupiga picha.

Joto hakuwasha. Ana shingo ngumu. Lakini hakumfukuza mtu, na tulishona hivyo hadi theluji ilipoyeyuka.

Mwisho wa Machi korongo akatua juu ya bomba la moshi lililo uani, peupe, mbele ya madirisha yetu, akaanza kugonga mdomo wake kwa kelele zake zote. Nilimwona. Rumyana alimwona. Mstari mzima ulimwona, na mstari mzima ukainamisha vichwa kwenye cherehani. Ndani bado kulikuwa baridi kama barafu.

Zahari akashuka mbio, mkasi mkononi, uso umemchangamka. "Korongo! Korongo yuko juu ya bomba! Haya sasa, kateni uzi!"

"Korongo gani?" nikauliza.

"Huyo hapo! Shangazi, wewe husemi uongo. Tazama dirishani, humwoni?"

Shangazi Stoyna alivuta blanketi hadi kifuani, akatia mikono mfukoni.

"Macho yangu yameganda kwa baridi, mwanangu," akasema. "Washa mabomba, labda nitamwona."

Akawasha.