Mto Uendao kwa Miguu

Saa nane na nusu mchana, sufuria za kantini ya shule zikishaoshwa na kufunikwa, Makalapua, ambaye wote walimwita Maka, alikuwa na kawaida ya kukaa kwenye ngazi ya nyuma, kujipaka mafuta ya mgando katikati ya vidole vya miguu, kuvaa raba zake na kuanza kukimbia. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Mwezi Machi alikuwa ameandikisha jina kwenye mbio za maili mia za Januari, zile zinazozunguka milima ya nyuma ya bonde la Kapahoa mara nne, juu ya mizizi na matope, na anayepitisha saa thelathini na sita haandikwi kokote. Watu wa bondeni walipomuuliza kwa nini, alisema amechoka kupakulia watu wali. Walilikubali jibu hilo. Miaka kumi na tisa ya kupakua wali si mchezo.

Wiki ya pili ya mazoezi, siku ya Jumatano, alikuwa akipanda kando ya mto wa Kapahoa maji yalipoanza kumfuata. Mto huo ulikuwa mkavu kwa miaka mia na ishirini, tangu kampuni ya miwa ilipotoboa handaki mlimani, ikaweka lango la chuma, na kuyapeleka maji yote upande wa pili wa kisiwa. Miwa ilikwisha zamani na siku hizi kule ni viwanja vya gofu, lakini handaki halikuambiwa. Maka alisikia mchirizi nyuma ya visigino vyake. Alisimama kufunga kamba ya raba, maji yakasimama. Alipokimbia, yakaja. Alitazama saa, akaona anachelewa, akaendelea na njia yake.

Jioni Anti Wehi alimpigia simu. Anti Wehi alikuwa na miaka sabini na minane na nyumba yake ilikuwa ya mwisho bondeni. Kwa miaka thelathini alikuwa akiitunza kwenye mabeseni mbegu ya magimbi ya ukoo wake, yenye shina la zambarau, ambayo haikuwepo kwa mtu mwingine yeyote. Kila mwaka ilizidi kudumaa. Magimbi yale yanataka maji ya baridi yanayotembea. Maji yakilala hupata moto, na gimbi huozea udongoni.

"Leo umekimbia kwa muda gani?" Anti aliuliza.

"Saa moja na dakika arobaini."

"Ndio huo huo. Maji yamepita hapa kwangu saa moja na dakika arobaini. Kesho unakimbia?"

"Maili nane, Anti."

"Haya, nalima jaruba. Ila usinipeleke mbio mwanangu, ukienda kasi maji yanakula kingo. Mwenda pole hajikwai."

Kesho yake Maka alikwenda pole na akajikwaa mara mbili, lakini hakumwambia mtu.

Katika miezi iliyofuata, bonde lilijifunza mwendo wa mto kama mtu anavyojifunza mwendo wa mkwe. Maka akipanda na kushuka kilima kwa mizunguko, maji yalikuja kwa vishindo, yakafaa kuoshea ndoo. Akitembea, yalidondoka tu. Wiki moja ya dhoruba alikwenda mjini kukimbilia kwenye mashine, na mto ukaja wa uvuguvugu. Anti Wehi akampigia simu kumwomba asirudie tena. Mjomba Tadao, fundi wa magari aliyestaafu, aliinakili ratiba yake ya mazoezi na kuibandika kwenye mlango wa kanisa, ili kila nyumba kati ya zile kumi na mbili ijue siku yake ya kumwagilia. Jumamosi Maka alikimbia maili thelathini na maji yalifika hadi baharini. Samaki wadogo wa mtoni, ambao Anti Wehi mwenyewe aliwajua kwa kusimuliwa tu na mama yake, walianza kupanda kutoka chumvini. Jumapili, siku ya mapumziko, walijibanza kwenye madimbwi wakimsubiri.

Watu nao walimsubiri. Kila kona ya njia alikuta kitu juu ya jiwe: viazi vitamu vya kuchemsha na chumvi, tonge la wali lenye nyama ya kopo, chupa ya maji yenye barafu. Mara nyingine aliyekiweka alikuwepo, na alimshika kichwa tu akasema, "Kula, mwanangu." Maka alikuwa amezoea kushika upawa. Siku ya kwanza alipokuta chakula amewekewa yeye, alikila huku anakimbia na machozi yanamtoka, na alishukuru kwamba alikuwa anatoka jasho pia.

Mwezi wa Julai alikuja Bwana Medeiros wa kampuni, na fimbo ya kupimia kina.

"Nani ameruhusu maji haya?" aliuliza.

"Yuko mazoezini," alisema Mjomba Tadao.

Bwana Medeiros aliandika. "Mazoezi yanaisha lini?"

"Januari."

Aliandika hilo pia. Alikuwa amesoma shule moja nao. Anti Wehi alimpa kiazi, akakila amesimama, na alipomaliza Anti alimuuliza habari za ombi la watu wa bondeni, kwamba lango lifunguliwe japo upana wa kiganja. Ombi lilikuwa mezani kwa kampuni mwaka wa kumi na moja. Bwana Medeiros alisema linashughulikiwa. Baada ya hapo alikuja kila mwezi na fimbo yake.

Sasa, wiki tatu kabla ya siku yenyewe, mkimbiaji wa maili mia hupumzika. Asiyepumzika huvunjika njiani, kwenye maili ya sitini hivi, na hakuna dua itakayomwinua. Lakini magimbi ya Anti Wehi nayo yalibakiza wiki tatu yang'olewe, na wiki za mwisho ndizo yanapotaka ubaridi kuliko zote. Maka alikwenda kwake akichechemea kidogo.

"Anti, mimi nitaendelea tu kukimbia."

Anti Wehi aliinama, akamminya muundi kwa kidole gumba. Kidole kilipotoka, shimo lake lilibaki. "Nenda kalale," alisema.

"Na magimbi?"

"Magimbi ni yangu."

"Yataoza, Anti."

"Basi yaoze. Yameoza mara nyingi na mimi nipo. Mguu wako haujaoza hata mara moja, tusianze leo."

Maka alirudi nyumbani, akalala na miguu juu ya mito miwili. Mto ulinyamaza. Alilia, kwa sababu aliipenda mbegu ile, na alimpenda zaidi mwenye mbegu, na hakuna alichoweza kumfanyia yeyote kati yao akiwa amelala chali.

Asubuhi ya pili alisikia maji. Yalikuwa membamba, yanakwenda hatua mbili na kusita, hatua mbili na kusita. Maka aliujua mwendo huo. Ni wa Mjomba Tadao, mwenye goti moja la chuma. Alikuwa anakimbia kutoka kanisani hadi darajani na kurudi. Alipochoka, mto ulikatika kidogo, kisha ukaja mwingine, wa harakaharaka wenye kelele nyingi, na huyo alikuwa mwalimu wa kwaya. Pale mlangoni pa kanisa watu walikuwa wamefuta jina la Maka kwenye ratiba na kuandika ya kwao. Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba maji yatawafuata na wao. Hakuna aliyekuwa amejaribu, ni hilo tu.

Kwa wiki tatu nyumba kumi na mbili zilikimbia kwa zamu, wengi wao na kandambili. Wote pamoja hawakufikisha robo ya mto wa Maka. Yalikuwa maji ya unene wa kidole, lakini ya baridi, na yalitembea. Kila alasiri ulikuja uzi mmoja mwembamba kuliko yote, unaosimama nyumba hadi nyumba muda mrefu kabla ya kuendelea. Huyo alikuwa Anti Wehi, akipiga soga njiani. Maka alicheka peke yake kitandani. Hakuwa amejua kwamba shukrani inaweza kumjaa mtu hadi ikamuuma kifuani.

Siku ya mbio mto ulijaa alfajiri na haukupungua mchana kutwa. Kwenye maili ya sabini na moja Maka alitapika, akaketi kwenye kiti cha plastiki kando ya meza ya chakula, na kila aliyepita alimwona kuwa amekwisha. Simu ya mama aliyekuwa akigawa supu ikalia.

"Ni yako," mama yule alisema.

"Maji yamesimama," alisema Anti Wehi. "Umeumia?"

"Nimechoka, Anti. Nimechoka sana."

"Kaa basi. Kula kiazi. Tadao ameshavaa raba."

Maka alikula kiazi. Alimwazia Mjomba Tadao na goti lake gizani, akainuka. Alimaliza kwa saa thelathini na tano na dakika kumi na mbili, na aliyemvisha medali alimkuta anauliza kama jaruba limejaa.

Jumatatu waling'oa magimbi. Yalitoka makubwa, ya zambarau hadi ndani, wakayachemsha, wakayaponda kuwa poi, ule uji wao mzito wa magimbi, na Maka akapewa bakuli la kwanza, miguu yake ikiwa ndani ya beseni na kucha nne zikiwa zimemtoka. Bwana Medeiros alifika wakati huo na barua. Aliisoma mwenyewe, bila kuinua macho. Kampuni ilimpongeza Bibi Makalapua. Tena, kwa kuwa vipimo vya tangu Julai vimeonyesha kwamba wakazi wa Kapahoa wanaweza kupata maji kwa miguu yao wenyewe, hakuna haja ya kufungua lango, na ombi lao limefungwa.

"Mimi nimetumwa tu," alisema.

"Shukrani ya punda," alisema Anti Wehi. "Kaa ule."

Alikaa, akala mabakuli mawili.

Anti Wehi alikuwa ameshavikata vichwa vya magimbi na kufunga mafungu kumi na mawili, kila nyumba lake, maana mbegu ile hurudishwa udongoni siku ile ile. Alipandisha gauni lake, akatafuta kandambili zake chini ya benchi.

"Za mwakani wanaandikisha lini?"

"Machi," alisema Maka.

"Niandike."

"Anti, una miaka sabini na minane."

"Lile handaki lina mia na ishirini, na halijapumzika hata siku moja."

Akaondoka kwa mwendo wake. Maka alibaki na miguu kwenye beseni, akasikia uzi wa maji ukiteremka, ukasimama mbele ya nyumba ya Tadao kwa maongezi, halafu ukaja. Juu mlimani lango lilikuwa na kufuli lake, na nyuma ya lango maji yalikuwa yakielekea kwenye nyasi za gofu, mengi, bila mtu wa kuyakimbilia.