Kanuni za Mtani

Mihayo alikwenda Iringa kusomea kanuni za ujenzi, na kwa majuma ya mwanzo kitu pekee alichokifahamu vizuri kilikuwa baridi. Alikula amevaa koti, akalala amevaa koti. Nyumbani kwa fundi Kalinga, pale Kihesa, alikopewa chumba cha uani, aling'ang'ania jiko la mkaa mpaka mama mwenye nyumba, Evarista, akamwonya kwamba iko siku atamdhania sufuria amtie chumvi.

Hakuwa amekwenda kutembea. Kijijini kwao, bondeni Usangu upande wa Mbeya, ambako Wasukuma walihamia na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, kulikuwa na zahanati iliyosimama nusu. Kuta zilikuwapo, paa halikuwapo. Mihayo ndiye aliyezijenga, kwa matofali mabichi ambayo kijiji kizima kilifyatua. Halafu akaja mkaguzi na Land Rover, akapima huku na huku, akachora alama nyekundu, akasema paa halipandi mpaka kijiji kipate fundi mwenye cheti cha kanuni. Akaondoka bila kuonja hata maziwa. Mafunzo ya mwaka ule, sabini na sita, yalikuwa Iringa, na mtihani ulikuwa mwisho wa Oktoba. Baada ya hapo zinaanza mvua. Tofali bichi lisilo na paa likinyeshewa linarudi kuwa tope, na kulijua hilo hakuhitaji cheti.

Watu walisema zahanati ni ya kijiji, na kweli ilikuwa ya kijiji. Lakini Mihayo aliijenga kwa ajili ya mkewe, Regina, aliyekufa mwaka wa nyuma kwa uzazi, amebebwa juu ya kitanda kuelekea hospitali ya misheni, kabla hawajaifikia hata barabara kuu. Mambo ya siku ile Mihayo alikuwa amejizuia kuyafikiri. Alimaliza matanga, akaingia shimoni kufyatua matofali, watu wakamfuata. Kama kuta zile zingeyeyuka, hakujua angemwambia nini mtu yeyote, aliye hai au aliyekufa.

Asubuhi walisomewa kanuni darasani, mchana kila mwanafunzi alipelekwa kwa fundi wake. Mihayo akaangukia kwa Kalinga, aliyekuwa anajenga ghala mjini. Aliposikia tu jina la kijana, Kalinga akapiga makofi.

"Mnyamwezi!"

"Mimi Msukuma, mzee."

"Msukuma ni Mnyamwezi aliyepotea njia akifuata mkia wa ng'ombe. Babu zangu waliwapiga babu zako. Kwa hiyo sisi watani, na ukikasirika unalipa mbuzi."

Baba yake Mihayo hakuwahi kumwambia kama wana utani na Wahehe. Utani wenyewe aliujua: mtani hakasirikiwi, mtani atakuchukulia kuku wako na wewe ucheke. Ila watani wa kwao walitania wakiwa na meno nje. Huyu alitania amekunja uso kama anasoma waraka kanisani, na kanuni za serikali alizisema kwa uso uleule. Mihayo, maskini, akawa hajui ashike lipi aache lipi.

"Onja huo mchanga," Kalinga alimwambia siku moja. Mihayo akaonja, vibarua wakaanguka kwa kicheko, naye akatema mate mpaka jioni. Kesho yake darasani mwalimu akasoma kwamba mchanga wa kujengea usiwe na chumvi. Mihayo akageuka kutazama wenzake, hakuna aliyecheka. Siku nyingine Kalinga akamwambia ngazi za nyumba ya serikali hazipandwi mpaka zipakwe siagi, na Mihayo, ambaye sasa alikuwa amejifunza kutodharau, akamuuliza mwalimu mbele ya darasa zima ni siagi ya aina gani. Alichekwa mpaka kengele ikapigwa.

Basi akajitengenezea utaratibu wake. Kila neno la Kalinga aliliweka kwenye moja ya mafungu mawili kichwani, la kanuni na la utani. Madirisha ya chumba yatoshe fungu la kumi la sakafu: hilo alilitupa kwenye utani, maana fungu la kumi ni la kanisa. Ilikuwa kanuni. Choo kisikae upande unaotoka upepo: utani. Nayo ilikuwa kanuni. Ukizitazama vizuri, kanuni nyingi zilikuwa za kuchekesha kuliko utani wenyewe.

Kisha likaja suala la linta, ule mkanda wa zege unaolala juu ya dirisha kubeba ukuta. Walimwaga ya ghala, halafu Kalinga akawa anakwenda Kilolo kutazama mbao. Akamwita Mihayo pembeni.

"Huyu mgonjwa nakuachia wewe. Umfunike asipigwe na jua, na umnyweshe maji asubuhi na jioni mpaka nirudi. Akikauka koo, amekufa."

Mihayo akacheka kwa sauti. Alifurahi kweli, maana safari hii alikuwa ameukamata utani ungali mbichi. Zege limwagiwe maji baada ya kumwagwa, wakati ulikuwa unangoja likauke! Akawasimulia vibarua, akaendelea na kazi nyingine. Kalinga aliporudi, linta ilikuwa na nyufa kama kisigino cha mkulima.

Kalinga akafoka. Akataja ukoo, akataja ng'ombe, akataja Shinyanga yote. Kadiri alivyofoka ndivyo Mihayo alivyozidi kucheka, akijitahidi kuwa mtani mwema asiyekasirika.

"Unacheka?"

"Si utani, mzee?"

Kalinga akavua kofia, akakaa juu ya mfuko wa sementi. Hasira ikamwisha, ukabaki mshangao tu.

"Sasa mimi nitajuaje?" Mihayo akasema, naye machozi yakiwa karibu. "Nitajuaje lini unatania na lini unafundisha?"

"Kwani kuna tofauti?" Kalinga akauliza, na alionekana anauliza kweli.

Waliivunja linta wakaimwaga upya. Mihayo aliinywesha maji mpaka vibarua wakamwita nesi.

Mtihani ukakaribia. Kijitabu cha kanuni kilisema kwa mita, futi kamba ya Kalinga ilisema kwa futi, na Mihayo alikuwa kati yao kama mkalimani asiyejua lugha hata moja. Jioni moja wakiwa wanakula, akamuuliza mwenyeji wake mlango wa zahanati unatakiwa uwe na upana gani.

Kalinga akamega ugali, uso umekunjwa vilevile. "Mlango wa zahanati haupimwi kwa mtu. Pima kwa jeneza."

"Baba Juliana!" Evarista akamkemea. "Mezani?"

"Namfundisha mtani wangu."

Mihayo akatazama sahani yake. Hilo halikumpa shida hata kidogo, akalitupa kwenye fungu la utani, tena chini kabisa.

Karatasi ya maandishi aliifanya hivyohivyo, kwa kubahatisha na kuomba Mungu. Ikaja zamu ya kuulizwa kwa mdomo. Nyuma ya meza aliketi mtahini mmoja aliyevaa suti ya Kaunda, na uso wake ulikuwa uleule wa Kalinga: mkavu, usiosema kama unacheka au unafundisha.

"Ndugu Mihayo. Mlango wa chumba cha wagonjwa. Upana wake?"

Jibu alikuwa amelikariri. Akalitafuta, akakuta futi na mita zimechanganyikana kama mchele na chuya. Mtahini akangoja. Kalamu ikagonga meza. Na katika kule kutapatapa Mihayo akasikia mdomo wake mwenyewe unasema:

"Unapimwa kwa jeneza."

"Kwa nini?"

"Kwa jeneza, ndugu. Kwa..." Maneno yalikuwa yameshatoka, hayarudi. "Kwa mtu aliyelala. Anayetembea hasumbuliwi na mlango."

Hapo ndipo siku ile aliyoizuia mwaka mzima ilipomjia, nzima, bila kubisha hodi. "Mke wangu alikuwa kitandani," akasema. "Tulimnyanyua na kitanda chake, wanaume wanne. Tukafika mlangoni, hatupiti. Tukakiinamisha upande, akaanza kuteleza, akalia. Tukamrudisha ndani. Tukachukua majembe tukabomoa ukuta, na yeye yuko pale anatutazama. Tulipotoka jua lilikuwa limeshapanda sana."

Hapo akaona jambo jingine. Fito aliyopimia milango ya zahanati aliikata kwake nyumbani, kwa mlango alioujenga upya baada ya maziko, kwa upana wake wa zamani. Ndio mlango pekee aliokuwa na kipimo chake. Alama nyekundu za mkaguzi hazikuwa kwenye kuta, wala madirishani. Zilikuwa milangoni tu. Ameyafyatua matofali yale kwa ajili ya Regina, halafu akamjengea mlango uleule.

"Nimeuliza upana," akasema mtahini, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka.

Mihayo akanyoosha mikono mbele yake, akaitanua. "Hivi."

"Kwa mita?"

"Mita moja na nyongeza."

"Nyongeza kiasi gani?"

"Sijui, ndugu."

Mtahini akaitazama ile mikono iliyobaki hewani, akaandika kitu, akamwambia anaweza kwenda.

Majibu alikwenda kuyatazama Kalinga mwenyewe, kwa kuwa Mihayo aliogopa kwenda. Alirudi akiburuta viatu, akasimama uani.

"Umeanguka, mtani. Rudi kachunge."

Mihayo hakulitafutia neno hilo fungu. Alikaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni akalia, mtu mzima na ndevu zake, na alichokuwa anakisema hakikueleweka isipokuwa neno moja, mlango, mlango wangu mwenyewe. Evarista akatoka na mwiko mkononi.

"Baba Juliana, umemfanya nini mtoto wa watu? Si nimekusikia hapo nje ukimwambia jirani kwamba amefaulu?"

"Amefaulu," Kalinga akasema. "Kwa kuchechemea, lakini amefaulu. Nilikuwa natania."

Ikabidi Evarista aape kwa jina la mwanawe ndipo Mihayo asadiki. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameshaanza kulia na hakuona sababu ya kuficha tena, akawaeleza habari za Regina, kitanda na mlango. Kalinga alisikiliza amevua kofia. Evarista akalia pamoja naye.

"Msiba ukitokea kwenu," Kalinga akasema baadaye, "mtani ndiye wa kuja. Kuchimba, kupika, kuwachekesha. Mimi sikuja."

"Ulikuwa hunijui, mzee."

"Hilo si jibu. Nitakuja kupaua."

Mihayo akatazama uso wake. Ulikuwa umekunjwa kama kawaida, kwa hiyo hakujua.

Alifika Usangu mawingu yameshaanza kujikusanya upande wa milima. Kijiji kikampokea kwa vigelegele, na kazi yake ya kwanza, akiwa na cheti mfukoni, ilikuwa kuchukua sururu na kuanza kubomoa mlango wa zahanati.

"Wewe!" Nkuba, kaka yake Regina, alikuja mbio. "Cheti walichokupa ni cha kubomoa? Mvua hiyo huioni?"

Mihayo hakuwa na pumzi ya kueleza. Akaenda nyumbani, akarudi amejitwika kitanda, kile cha kamba, akakiweka chini mbele ya mlango. Kilikuwa kipana kuliko mlango. Nkuba alikitazama. Alikuwa mmoja wa wale wanne. Alikwenda kutafuta sururu nyingine, na mpaka jioni walikuwa sita.

Walitanua milango yote, wakaweka linta mpya, wakazifunika kwa nyasi na kuzinywesha maji, watoto wakicheka kwamba wazee wananywesha ukuta. Siku walipoziachia zibebe ukuta, basi la kutoka Iringa likamshusha Kalinga kule barabarani. Aliingia kijijini na nyundo zake begani, akazunguka jengo zima bila kusalimia mtu, akasimama mbele ya mlango mkubwa, uso umekunjwa.

"Mlango wote huu wa nini? Mnaingiza ng'ombe kuchomwa sindano?"

Mgeni ametukana kazi yao. Nkuba akamtazama shemeji yake aone atajibu nini.

"Wa jeneza lako, mtani," Mihayo akasema. "Nilipima nikikumbuka tumbo lako."

Kalinga akaachama. Kisha akacheka, na Mihayo alikuwa hajamwona akicheka tangu amfahamu. Alicheka mpaka akashika ukuta, wanakijiji nao wakaanza kucheka bila kujua wanacheka nini, na kicheko kilipokwisha aliendelea kujifuta macho kwa kofia yake. Mihayo naye alikuwa anajifuta.

"Haya," Kalinga akasema, akitazama juu. "Ngazi iko wapi? Mvua hiyo inakuja."