Cheti cha Nazari

Chuo kikuu cha umma kilipotangaza nafasi za wasaidizi wa maabara ya samaki, kijiji kizima cha Lituhi, kando ya ziwa, kilijua hiyo ni kazi ya Nazari. Shahada alikuwa nayo, na samaki alikua nao. Akajaza maombi mtandaoni, mtandao ukamtema: mwenye cheti hiki cha kidato cha nne ni dereva wa serikali, tayari yuko kazini.

Dereva huyo ni Hyasinti, mdogo wake. Alifeli vibaya kidato cha nne, na mama yao, alivyo mama, akampa cheti cha kaka mtu akatafutie kazi Mbinga. "Ninyi ni ndugu, mtatumia wote," alisema, utadhani cheti ni jembe. Nazari alilijua hilo akalinyamazia, maana mshahara wa Hyasinti ndio uliomsomesha. Hakudhani kwamba kompyuta za serikali zitakuja kuulizana.

Alimkuta Hyasinti uani kwake Mbinga akigeuza kahawa juani.

"Shikamoo kaka."

"Acha kazi leo hii. Maombi yanafungwa kesho."

"Niiache kazi, watoto wale nini? Wewe una shahada, kaka. Mimi nina jina lako tu. Niachie."

Nazari akapandwa na mori. Kofi la kwanza lilimwangusha Hyasinti juu ya kahawa, na teke likamfuata hukohuko chini. Hyasinti naye si mnyonge: akainuka, akamng'ata mkono, akamkaba koo, akamgandamiza ukutani mpaka macho yakamtoka. Nazari akapapasa, akakamata mpini wa jembe. Akapiga bega. Akapiga mbavu. Angeishia hapo, lakini hasira ilishamtoa akili, akapiga kichwa. Mfupa ukalia. Damu ikatapakaa kwenye kahawa.

Ida, mke wa Hyasinti, akatoka jikoni akipiga yowe. Nazari akautupa mpini, akapiga magoti.

"Mdogo wangu, amka. Amka basi!"

Hyasinti alikuwa akikoroma tu. Wakampakia kwenye bodaboda, Nazari amemkumbatia kwa nyuma, shati lote damu, huku Ida akikimbia kwa miguu.

Hospitalini nesi hakupoteza muda. "Damu inavujia ndani ya kichwa. Apelekwe Songea sasa hivi. Ana bima?"

Ida, akihema, akachomoa kadi mfukoni mwa mumewe. Picha ya Hyasinti, jina la Nazari.

"Huyu ndiye Nazari mwenyewe?" nesi akauliza.

Ida akamkazia macho shemeji yake. Nazari angekana, jina lingemrudia na maabara ingekuwa yake. Kadi nayo ingekuwa takataka, na hela ya matibabu hawakuwa nayo. Nazari aliitaka kazi ile. Hata pale, mikono ikinuka damu ya ndugu yake, bado aliitaka.

"Ndiye," akasema.

Askari polisi wa zamu pale hospitalini akasogea. "Na wewe uliyemleta, unaitwa nani?"

"Hyasinti," akajibu, akanyoosha mikono kusubiri pingu. "Mimi ndiye niliyempiga."