Belti Ngumu Nyumbani kwa Tamar

Tangu nipate akili sijakaa mahali pamoja mwaka mzima. Nilichunga ng'ombe wa watu kutoka Chewele mpaka huku chini mtoni, na ng'ombe walipoisha nikaendelea kutembea tu. Kwa hiyo nilipoanguka kutoka juu ya lori la mifugo pale Minjila, sikuogopa kufa. Niliogopa kutotembea tena.

Picha ya hospitali ilionyesha pingili moja ya mgongo imebonyea kwa mbele. Muuguzi Rachael alinikuta nimejifunga belti laini ya dukani, akaniambia hiyo ni ya misuli iliyochoka: inabana tumbo, tumbo nalo linasaidia kubeba kiuno. Mfupa uliovunjika haiushiki. Ipo nyingine ya vyuma, inasukuma kifua na kinena kwa mbele na mgongo kwa nyuma, mtu asiweze kujikunja. Yangu ikawa ya plastiki ngumu, vipande viwili, kifuani na mgongoni, nikawa kama kobe. Nikiinama, alisema, pingili itabanwa tena, na ikibanwa sana miguu inaweza kukataa.

Mama mmoja wa hapo Minjila, Tamar, akanichukua kwake. Mpokomo, mjane, mtu wa kanisa. Mimi Muorma nisiye na boma. Alisema tu kwamba chumba cha mwanawe Oliver kiko wazi. Kila asubuhi alinifunga ile belti nikiwa bado nimelala, kama alivyofundishwa, na fulana ya pamba ndani ngozi isichubuke.

Lakini kila adhana nilifungua kamba zake, nikarukuu, nikasujudu. Niliona haya kusimama mkavu kama nguzo mbele ya Mungu. Tamar aliniona, akaendelea na kazi zake. Sala ya Mwislamu si yake kuisahihisha. Ndivyo tunavyoheshimiana huku. Mguu wa kushoto ukaanza kufa ganzi, nami nikamwambia ni baridi ya mto.

Ijumaa moja akajifunga leso, akaenda kusimama nje ya msikiti mpaka watu wakatoka. Akarudi na Maalim Sadik.

"Mzee Adano," Maalim akasema kabla hajakaa, "umeshtakiwa."

"Na nani?"

"Na huyu mama. Anasema unavunja mgongo aliokupa Mungu, halafu unamwambia Mungu ni kwa ajili yake."

Tamar alikuwa anaikagua sufuria yake kana kwamba ni mpya. Maalim akaeleza kwamba mgonjwa husali ameketi, akishindwa husali amelala, anaashiria kwa kichwa tu, na sala yake haipungui kitu. Kisha akaketi kwenye kiti cha plastiki, yeye mzima, akanionyesha.

"Belti usiifungue," akasema. "Sali nayo."

Nikasali nayo. Ganzi ikatoka mguuni pole pole. Siku ya picha ya mwisho Rachael aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, akasema mfupa umeshika, nianze kuivua belti kidogo kidogo.

Nilirudi kwa miguu yangu kutoka barabarani. Nikamwambia Tamar asante.

"Usinishukuru sana, kaka," akasema. "Pale msikitini mimi ndiye niliyekufa ganzi miguu yote miwili."

Nikamwambia nikipata nguvu nitaendelea na safari, nifike Kilelengwani. Akasema safari haikimbii, ila mpunga wake umeanza kukomaa na ndege wanaumaliza.

"Kazi ya kusimama wima hiyo. Hakuna kuinama."

Nikamuuliza shamba liko wapi.