Bati Lenye Alama Nyekundu

Kuku wa shangazi walianza kulana asubuhi ya Jumatatu. Sisemi kupigana. Kuku hupigana kila siku, kama watu kwenye foleni ya maji. Nasema kulana. Tulimkuta tetea wa kijivu, yule aliyekuwa ndiyo kwanza anataga, amebanwa kwenye kona, na wenzake wanamvuta utumbo kwa nyuma kama wanaoshindana kuvuta kamba. Alikuwa hai bado, anapepesa macho. Shangazi akaingiza mkono, akamtoa, akamvunja shingo pale pale, akajifuta damu kwenye gauni.

"Usiwalaumu," aliniambia. "Wape kuku nafasi, wapole hao. Wabane, wauaji."

Nimesikia viongozi wengi wakihutubia majukwaani. Sijasikia hata mmoja akieleza mtaa wetu vizuri kuliko hivyo.

Banda lilikuwa nyuma ya chumba chake, kati ya ukuta wa choo na kichochoro. Vifaranga walikuwa wamekua, na banda halikukua nao. Mayai ya kuku wale ndiyo yaliyolipa chumba na kununua dawa zake za presha. Kabla ya kuku alikuwa akifulia watu nguo, mpaka vidole vikakakamaa kama kucha za tai. Kwa hiyo usidhani nasimulia habari ya kuku. Banda likifa, shangazi anarudi kwenye beseni, na mikono ya kurudi nayo hana.

Tulimwita Kipimo. Huyo ni fundi, jirani yetu, na aliitwa hivyo kwa sababu hakuwahi kumiliki futi. Alipima kwa mkono, kwa hatua na kwa jicho lake moja alilolifumba kidogo.

"Mama, tutalivuta mpaka kichochoroni," akasema. "Mbao zipo?"

"Hazipo."

"Misumari?"

"Haipo."

"Waya?"

"Kipimo, ningekuwa navyo ningekuita wewe? Ningemwita fundi."

Akacheka mpaka akakohoa. Ndivyo tulivyoanza. Mbao tulizitoa kwenye vichanja vya kupangia mifuko vilivyotupwa nyuma ya ghala la saruji. Misumari tuliing'oa humo humo, tukainyoosha juu ya jiwe mmoja mmoja, na kidole changu cha shahada kikapata kipigo chake. Bawaba tulikata kwenye tairi bovu. Mlango ulikuwa kichwa cha kitanda. Waya wa zamani tuliushona matundu kwa nyaya za umeme zilizokufa. Likabaki pengo la upande wa kichochoro, na kitu cha kulizibia hatuna.

Shangazi akaingia ndani. Tukasikia godoro linaburutwa. Akatoka na bati kichwani, kutu pembeni, na katikati alama kubwa nyekundu, mistari miwili iliyokatana.

Bati lile nalijua. Lilikuwa ukuta wa mbele wa nyumba ya shangazi na mumewe, kule walikokuwa wakiishi kabla mtaa mzima haujavunjwa kupisha barabara ambayo mpaka leo haijajengwa. Aliyechora alama zile alipita mlango hadi mlango na ndoo yake ya rangi, anapiga mluzi. Walipokuja na nyundo, mume wa shangazi alipanda juu ya paa akakaa. Alidhani hawawezi kuvunja nyumba yenye mtu juu. Waliivunja. Alianguka na paa, boriti ikamfuata mgongoni, akafia kwenye benchi la hospitali akisubiri kuitwa jina. Siku ile majirani waliokoa masufuria na magodoro. Shangazi aliondoka na bati hilo moja kichwani, watu wakasema amerukwa na akili.

"Shangazi, hili hapana," nikamwambia.

"Bati ni bati. Limelala vya kutosha. Lifanye kazi."

Kipimo akaligongomea, alama ikiwa upande wa ndani, ili kichochoroni pasionekane kitu. Alifikiri kama binadamu. Kuku wana fikra zao. Kuku akiona kitu chekundu hukidonoa, kwa sababu kwake wekundu ni damu. Jioni ile ile walikuwa wamejipanga mbele ya bati wanaipiga alama kwa midomo, ko, ko, ko, mpaka mmoja akajichana upanga wa kichwani kwenye ukingo wenye kutu. Damu halisi ikatoka. Wakaiacha rangi, wakamgeukia yeye. Kulipokucha palikuwa na miguu, mbawa, na kifua kilichofunuliwa kama mkoba.

"Walidhani ni jeraha," Kipimo akasema.

"Ni jeraha," shangazi akamjibu. "Ligeuze. Wekundu uende nje."

"Nje ni njia, mama. Watu wataona."

"Waone nini? Nani huyo wa kuja kusoma banda la kuku?"

Tukacheka wote watatu, wajinga sisi.

Kuku walitulia. Walipata pa kutawanyika, wakaoga vumbi, wakaanza kutaga vizuri. Alhamisi likaja lori.

Kikosi kilikuwa kimetumwa kuvunja vibanda vya barabarani, chini yetu. Kazi yao ina utaratibu wake. Hutangulia mtu wa rangi, anaweka alama. Siku nyingine huja wavunjaji, vijana wa kibarua wenye nyundo na mitaimbo, nao hawaulizi kitu. Penye alama wanavunja, pasipo na alama wanapita. Mkuu wao aliitwa Brashi, kwa sababu alianza kazi akiwa mtu wa ndoo. Sasa alikuwa na kitambi, buti, na watu wa kuwatuma.

Kijana mmoja aliingia kichochoroni kukojoa. Akapaza sauti: "Mkuu! Kuna moja imesahaulika huku!"

Brashi akaja, akatazama bati. "Ina alama. Vunja."

Shangazi akatokea na ndoo ya pumba. "Salamu kwanza, baba."

"Salamu baadaye, mama. Toa kuku wako."

"Kaweka nani alama hiyo?"

"Ofisi."

"Ofisi ina karatasi. Nionyeshe."

"Mimi sisomi karatasi. Nasoma ukuta."

"Basi soma vizuri," shangazi akasema, taratibu, kama anayemfundisha mtoto. "Tazama mkia wa mstari huu, hapa chini. Nani huburuta brashi namna hii? Huo ni mkono wako. Hilo ni bati la nyumba yangu ya zamani. Ulishalivunja. Unataka kulivunja mara ngapi?"

Brashi akainama. Nilikuwa karibu naye kuliko nilivyo karibu nawe sasa, na niliuona uso wake ukibadilika. Alilitambua. Hilo ndilo ninalomshikia, na nitamshikia mpaka nife: alilitambua! Angesema, "Jamani, tumekosea, twendeni," na siku ile ingekwisha kwa zawadi ya mayai. Lakini vijana wake walikuwa wanamtazama, na mmoja alikwisha kuanza kucheka.

"Alama ni alama," akasema. "Vunjeni."

Mtaimbo wa kwanza ulipita kwenye waya. Wa pili ulishusha paa, na paa likashuka juu ya kuku. Usiniulize sauti ilikuwaje. Manyoya yaliruka, mayai yakapasuka chini ya buti, jogoo akatoka mbio na mguu mmoja, mwingine unaning'inia. Kipimo akajitupa mbele ya nguzo yake akipiga kelele, "Msumari wangu huo! Nimeunyoosha mwenyewe!" na rungu likamkuta mdomoni. Akatema jino na damu. Mimi nilimkamata kijana mmoja kooni, nikampigiza kichwa kwenye ukuta wa choo mara mbili kabla sijapigwa magotini. Nilianguka kwenye kinyesi cha kuku, nikapigwa mbavu nikiwa chini.

Nikiwa pale chini niliona yote. Bati lilikuwa bado limesimama. Brashi akaamua kuling'oa kwa mkono wake mwenyewe. Akashika nguzo kwa mkono wa kulia, ule wa kuchorea.

Shangazi akaiweka ndoo chini. Akaokota nyundo ya Kipimo. Hakukimbia wala kupiga kelele. Akampiga juu ya vidole, vikiwa vimeikumbatia nguzo. Brashi akapiga ukelele, mkono ukabaki pale kwa mshtuko, na shangazi akampiga tena pale pale, kwa utulivu ule ule aliomvunjia tetea shingo. Mifupa ilisikika. Mara ya tatu mkono haukuwa mkono tena.

Vijana wa kibarua, ambao hakuna aliyewaahidi hospitali, wakatupa mitaimbo wakakimbia. Brashi alipiga magoti kwenye manyoya, analia kwa jina la mama yake. Shangazi akageuza ndoo, akaikalia.

"Waliobaki wamepata maji?" akaniuliza.

Polisi walimkuta hapo hapo.

Kuna watu mtaani wanasema alizidisha. Mkono wa mtu, wanasema, kwa ajili ya kuku! Mkuki kwa nguruwe. Mgongo wa mumewe ulipovunjwa, hawa hawa walisema ni maendeleo. Shoka husahau. Gogo halisahau.

Mimi na Kipimo tulijenga upya, na safari hii banda likawa pana zaidi, maana mitaimbo waliyoiacha ilitupa nguzo madhubuti bure. Kipimo anapuliza maneno kupitia pengo la jino, na bado hana futi. Kuku waliopona wanataga. Mayai nauza mimi, na chumba cha shangazi hakijapangishwa mtu.

Nilipomtembelea gerezani tulizungumza kupitia wavu, wavu ule ule wa kuku, ila mnene zaidi. Nikamuuliza bati tuliweke upande gani.

"Nje."

"Watakuja tena, shangazi."

"Kuku wasione," akasema. "Watu ndio waone."

Wiki iliyopita alipita mtu mpya wa rangi, kijana, ndoo mkononi. Akasimama mbele ya bati. Akaitazama alama, akaitazama mitaimbo, kisha akanitazama mimi niliyekuwa nanyoosha misumari juu ya jiwe. Akahamishia ndoo mkono wa pili, akapita.