Shangazi wa Darasa

Darasa zima lilimwita Shangazi, na mwanawe wa kumzaa akamwita hivyo hivyo. Ndiyo yaliyokuwa makubaliano yao tangu siku ya kwanza. "Mama, nakuomba," kijana alimwambia walipokaribia lango la chuo, macho chini. "Nyumbani mimi ni mwanao. Huku tusijuane." Mama alidhani ni utani. Haukuwa utani.

Alikuwa fundi cherehani, na shule aliiacha akiwa na mimba ya kijana huyo huyo. Miaka yote alishona sare za watoto wa wenzake huku hamu ya kusoma imemkaba kooni. Alipoanza masomo ya jioni watu walisema amechanganyikiwa. Alipofaulu na kuingia chuo pamoja na mwanawe wakasema amebahatisha. Mumewe peke yake ndiye aliyefurahi. "Nyumba moja wanachuo wawili," alisema, "basi mimi ndiye mkuu wa chuo, na mkuu wa chuo haoshi vyombo."

Mwaka ule wa kwanza haukuwa lelemama. Wahadhiri walifundisha mbio mbio utadhani wanafukuzwa, na neno likikupita ndiyo limekwenda. Shangazi alikaa mbele, akauliza hata yale ambayo wenzake waliona haya kuyauliza. Vijana walimcheka, kisha taratibu wakaanza kumfuata baada ya kipindi awaeleweshe. Mwanawe, ambaye wenzake walimpachika jina la Chifu, alikaa nyuma kabisa na kundi lake, simu mapajani. Mama alipomgusia masomo nyumbani alijibiwa kwa mkato: "Najua ninachofanya." Akamwacha. Alihofia kamba ikivutwa sana itakatika.

Ikafika siku ya mtihani wa takwimu. Kwa balaa tu, mpangilio wa viti ulimweka Chifu nyuma ya mama yake.

Ukumbi ulikuwa kimya, joto limetanda. Msimamizi, mwanamke mwembamba mwenye viatu visivyotoa sauti, alipita kati ya madawati. Shangazi alisoma swali la kwanza, moyo ukatulia, alilijua. Akaanza kuandika. Ndipo kiti chake kikapigwa teke kwa nyuma.

Alidhani ni bahati mbaya. Kikapigwa tena.

"Shangazi," sauti ikanong'ona. "Sogeza mkono."

Kalamu ikamganda vidoleni. Kusogeza kiwiko tu, nani angejua? Huyu ndiye aliyemnyonyesha, aliyekesha naye kwa homa. Mama gani humwona mwanawe anazama akakunja mikono? Lakini leo akimpa jibu, kesho atampa nini?

"Mama." Safari hii sauti ilitetemeka. "Tafadhali."

Neno "mama" hakuwa amelisikia kutoka kinywani mwake ndani ya kuta zile. Lilimchoma. Akakiona kiwiko chake kikisogea, kana kwamba ni cha mtu mwingine. Kisha akakirudisha, akaifunika karatasi kwa kiganja.

"Hapa kuna nini?"

Msimamizi alikuwa amesimama ubavuni kwake. "Nimekuona unasogeza mkono. Unampa nani majibu? Simama."

Shangazi akasimama. Karatasi yake ikachukuliwa.

"Sijampa mtu chochote," alisema.

"Na mkono umesogea kwa nini?"

Akimtaja, anamwangamiza mtoto. Asipomtaja, anaondoka yeye, arudi kwa wale waliosema amebahatisha.

"Mkono ni wangu," akasema. "Sina la kuongeza."

Nyuma yake kiti kikakwaruza sakafu.

"Mwache." Chifu alikuwa amesimama, uso umempauka. "Mimi ndiye niliyemwomba. Amekataa, ameifunika karatasi."

"Kaa chini, kijana. Mambo ya shangazi yenu mwachie mwenyewe."

"Si shangazi!" Sauti ilimpanda. "Ni mama yangu."

Kalamu zote zikasimama. Huko nyuma mtu aliachia kicheko, kikamfia mdomoni. Msimamizi akawatazama mmoja baada ya mwingine, kama anayelinganisha pua zao. Hatimaye akairudisha karatasi ya mama mezani. "Endelea." Akamgeukia kijana. "Wewe, acha karatasi yako. Nje."

Jinsi alivyoumaliza ule mtihani, mwenyewe hakujua. Alipotoka alimkuta mwanawe ameketi kwenye ngazi, kichwa kati ya magoti. Akakaa kando yake. Wanafunzi wakapita wakiwatazama, safari hii kijana hakusogea pembeni.

"Ungenipa tu," alisema.

"Nilitaka. Si uliuona mkono ulivyokwenda?" Mama akavuta pumzi. "Kwa nini hukuniambia kama umekwama?"

"Nitakuambiaje? Wewe ulikaa nje ya shule miaka yote, unaelewa. Mimi nimetoka shule juzi tu, na tangu tuanze sijaelewa kitu. Kitu, mama." Akajifuta macho kwa mkono wa shati. "Na kila mtu ananiita Chifu."

Chuo kiliamua kijana arudie mwaka. Mama alifaulu, akapanda mwaka wa pili. Furaha yake aliila kimya kimya, kama mtu anayetafuna mbele ya mgonjwa, maana kijana alinuna, akawa anajifungia chumbani hata wakati wa chakula. Baba alijaribu mzaha mmoja, akaona haushiki, akauacha.

Jioni moja mama alikuwa anakata kitambaa mlango ulipofunguliwa. Kijana akasimama pale, kitabu cha takwimu mkononi.

"Hiki," alisema kwa shida, "mtu anakianzia wapi?"

Mama akasukuma kitambaa pembeni. Wakaanza. Kijana akakosea, mama akapandisha sauti. Kijana akafunga kitabu, akasema hafundishwi kwa kufokewa. Mama akaomba radhi. Kitabu kikafunguliwa tena. Wakabishana juu ya wastani mpaka baba, aliyekuwa anasikiliza redio, akainuka akawafungia mlango.